Kiti kinacheza kwenye viungo, gundi haishiki

Kabari
Wakuu, naomba ushauri. Ni kiti cha mbao ngumu, viungo vya ulimi na tundu (ncha ya mbao moja huingia kwenye shimo la nyingine). Miguu ya nyuma inacheza pale inapoungana na fremu ya kikalio. Gundi nyeupe ya mbao ilidondoshwa kwenye mwanya, kikatulia kidogo kisha kikaanza tena. Ukaongezwa msumari, na sasa mguu una ufa mwembamba. Kuna dawa ya kudumu?

Patasi
Mkuu, gundi haikushika kwa sababu haikugusa mbao. Hushika kwa kupenya kwenye vinyweleo vya mbao, na hapo vimezibwa na gundi kavu ya zamani. Lazima kiungo kifunguliwe.

Ng'oa msumari kwanza. Ukigonga ukiwa bado ndani, ulimi utapasuka. Andika namba kwa penseli pande zote mbili za kila kiungo, kisha gonga kwa nyundo ya mpira, au weka kipande cha mbao laini kati ya nyundo na mguu. Kinachokataa, kidondoshee siki ya uvuguvugu na ukipe muda. Viungo visivyocheza viache kabisa.

Kwangua gundi ya zamani hadi mbao ionekane, hata ndani ya tundu. Hapa ndipo wengi huharibu: wanapiga msasa ulimi mpaka unapungua, na ulimi uliopungua nusu milimita tu tayari unapwaya. Jaribu bila gundi. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono, lakini usidondoke wenyewe. Ukipwaya, gandishia ubavuni mwake ganda jembamba la randa, likauke, ulipunguze taratibu.

Paka gundi kwenye ulimi na kuta za tundu, kaza kwa jiriwa (kibanio cha skrubu). Kama huna, zungushia kamba miguuni, pitisha kijiti, uisokote hadi gundi ichuruzike kidogo. Gundi ikiwa bado mbichi, simamisha kiti mahali palipo sawa kabisa uhakikishe miguu yote 4 inagusa. Acha jiriwa saa 1 au zaidi, na asikalie mtu kwa saa 24.

Msasa
Naongezea kuhusu ufa. Upanue kidogo kwa ncha ya kisu, ingiza gundi iliyozimuliwa kwa maji kidogo, ubane. Fanya hivyo kabla ya kurudisha kiungo.

Pia funga vipande vya pembetatu kwenye kona za ndani za fremu, unene milimita 20 hivi, nyuzi za mbao zikifuata upande mrefu. Toboa kwanza: skrubu ya milimita 4 kwenye mbao ngumu inataka tundu la karibu milimita 3. Mwanya ukizidi milimita 1, mimi ningetumia epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili).

Patasi
Kona naunga mkono. Epoksi ibaki kwa ulimi uliovunjika tu, maana kiungo kilichogandishwa nayo hakifunguki tena bila kuharibu mbao.

Kabari
Asanteni sana. Na kikishakauka, mguu mmoja ukibaki juu?

Msasa
Usishike msumeno bado. Kihamishe sehemu nyingine, huenda sakafu ndiyo yenye bonde. Kama bado, gandisha kipande cha mbao chini ya mguu mfupi. Kukata mitatu mirefu ni kazi ya mwisho, na ukikosea mmoja utarudia yote.