Upeo wa bahari umelala upande: nitanyooshaje bila kukata ncha ya tanga?

PichaZaPwani:
Wakuu, habari za jioni. Nina picha kama arobaini za alfajiri, ufukwe wa Paje, ngalawa mbele na bahari nyuma, faili za pikseli 6000 kwa 4000. Upeo wa macho unashukia kulia kwa nyuzi 1.5 hadi 2 hivi. Natumia GIMP 2.10, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta. Nikizungusha, kona zinabaki tupu. Nikizikata, ncha ya tanga inaondoka. Nikirudia mara tatu nne hadi ikae sawa, picha inakuwa kama ina ukungu. Na kuna chache ambazo bahari imepinda kama upinde hata baada ya kunyooka. Nakosea wapi?

FundiLenzi:
Mkuu, usizungushe kwa kukisia. Chukua zana ya kupimia (Shift+M), bofya upeo wa macho kushoto kabisa, buruta hadi kulia kabisa, halafu kuza picha hadi asilimia 100 urekebishe kila ncha ya mstari ikae juu ya bahari hasa. Ndipo ubonyeze Straighten kwenye chaguo za zana.

Urefu wa mstari ndio unaoamua. Ukikosea pikseli 3 kwenye mstari wa pikseli 300, umekosa kwa zaidi ya nusu nyuzi, na jicho litaona. Pikseli 3 hizohizo kwenye mstari wa 5000 ni nyuzi 0.03 tu. Ukitaka kuhakiki kwa kikokotoo: tofauti ya kimo kati ya ncha mbili, gawa kwa upana, zidisha kwa 57.3. Tofauti ya pikseli 210 kwenye upana wa 6000 ni nyuzi 2.

Sasa gharama. Kwa picha ya uwiano wa 3:2, ukikata huku ukibakiza uwiano uleule, nyuzi 1 inakula kama asilimia 5 ya eneo la picha, nyuzi 2 karibu asilimia 10, nyuzi 5 asilimia 21. Faili yako kwa nyuzi 2 itabaki takriban 5700 kwa 3800, yaani pikseli 100 zinaondoka juu na 100 chini. Kama ncha ya tanga iko ndani ya hizo 100 za juu, usiiachie programu ikate. Kwenye Clipping weka Adjust, kisha menyu ya Image, Fit Canvas to Layers, ili picha nzima ionekane ikiwa imezungushwa. Kata mwenyewe pembeni na chini tu. Juu itabaki kabari tupu: kwa kuwa bahari yako inashukia kulia, kabari itakuwa nene kushoto na kwisha kabisa ikielekea kulia. Ijaze kwa Clone (C), ukichota anga kutoka pembeni, kwenye kimo kilekile. Anga la alfajiri hubadilika rangi kutoka chini kwenda juu; ukichota kutoka chini utaacha doa la rangi ya chungwa mahali pa buluu.

Anga inajazika. Mawimbi na mchanga havikubali kirahisi, marudio yanaonekana haraka, kwa hiyo chini ni bora ukate. Na usisahau kona: ukihifadhi JPEG zikiwa bado tupu, zitatoka na rangi ya usuli, kwa kawaida nyeupe.

Mkaa_Darkroom:
Huo ukungu ni wa kuzungusha mara nyingi. Kila mara programu inakokotoa upya kila pikseli kwa kuchanganya za jirani, na mistari myembamba kama kamba za tanga ndiyo inayoumia kwanza. Ukikosea, Ctrl+Z uanze upya kutoka picha ya awali. Usiongeze mzunguko mwingine juu ya ule. Interpolation, yaani njia ya kukokotoa hizo pikseli, weka Cubic au NoHalo. Ukiacha None, upeo wa macho utatoka na ngazi-ngazi kama meno ya msumeno. Kunoa picha kuje mwisho.

Kama unazo faili za RAW, yaani faili ghafi za kamera, zinyooshe hukohuko kwenye programu unayozifungulia. Lightroom: bonyeza R, shikilia Ctrl, chora mstari juu ya bahari. darktable: moduli ya "rotate and perspective", chora mstari kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Pembe inahifadhiwa kama agizo tu, hata ukiibadilisha mara ishirini picha haichoki.

Juma_wa_Simu:
Mbona mnajitesa? Programu ya simu ya Snapseed, bonyeza Rotate, inanyoosha yenyewe. Dakika moja.

FundiLenzi:
@Juma_wa_Simu inafanya kazi pale upeo ulipo mmoja na uko wazi. Paje kuna mistari miwili mitatu: ukingo wa maji, povu la mawimbi yanayovunjika mwambani, na upeo wenyewe nyuma yake. Maji yakipwa, ukingo huo unakata picha mshazari, na programu inaweza kuung'ang'ania huo. Povu la mwambani nalo si rula, kwa sababu mwamba hauko umbali mmoja kutoka kwako.

Kuhusu bahari iliyopinda: ni lenzi pana. Upeo ukiwa juu ya katikati ya picha unabenuka kwenda juu, ukiwa chini unabonyea. Rekebisha lenzi KABLA ya kuzungusha na kukata, kwa sababu hesabu yake huanzia katikati ya picha. Ukishakata, katikati imehama. GIMP: Filters, Distorts, Lens Distortion, sogeza Main kidogo kidogo hadi bahari inyooke, ndipo upime pembe.

PichaZaPwani:
Shukrani sana wakuu. Na zile za Chwaka, ambako nyuma ni mikoko tu, bahari wazi haionekani?

Mkaa_Darkroom:
Usinyooshe kwa mstari wa mikoko. Upande ulio karibu nawe unakaa chini zaidi kwenye picha, na ukiulazimisha kuwa bapa, picha nzima italala upande. Maji yakiwa shwari, tafuta kitu na taswira yake majini: ncha ya nguzo na ncha ya taswira yake. Mstari unaoziunganisha ni wima. Chagua kitu kilicho karibu na katikati ya picha, upime kwa zana ileile, na kwenye Orientation weka Vertical. Milingoti ya majahazi iache, huwa imeinamia mbele kwa makusudi, na chombo kilichokwama mchangani kimelala ubavu.

Hizo arobaini, kama kamera ilikuwa kwenye stendi bila kuguswa, pima moja na utumie pembe ileile kwa zote. Kama ulishika mkononi, ni moja moja.