Hati yako iliwahi kujaa herufi za ajabu? Tupeane uzoefu wa kuziondoa

Msahihishaji

Wakuu, habari za wakati huu. Wiki iliyopita nilipoteza siku nzima kwa tatizo la dakika mbili, nami nisingependa limpate mwingine.

Nahariri muswada wa Kiswahili wa kurasa zaidi ya 200. Herufi zetu hazina vialama juu wala chini, kwa hiyo sikuwahi kuhofia mambo ya usimbaji, yaani namna kompyuta inavyohifadhi herufi kama namba (baiti). Nilisahau ng'. Mwandishi alitumia ritifaa (ile alama ya ng') iliyopinda, ’, akahifadhi kama matini tupu, yaani maandishi pekee bila mapambo. Nilipofungua faili, ng'ombe wengi walikuwa "ngâ€™ombe", na alama za kufungua nukuu zimekuwa "â€œ".

Nikakimbilia tafuta-na-badilisha. Alama ya kufunga nukuu ilionekana kama "â€" tu, nikaanza nayo. Papo hapo kila ng' ya aina hiyo ikawa ng”™, maana hizo herufi mbili zimo pia ndani ya ritifaa iliyoharibika. Nikahifadhi bila kutazama, nikaendelea kusahihisha kwa mkono hadi ukurasa wa 60.

Kumbe hakuna kilichokuwa kimepotea. Katika UTF-8, usimbaji unaotumika zaidi siku hizi, ritifaa iliyopinda ni baiti tatu: E2 80 99. Programu yangu ilisoma faili kama Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows, ambako kila baiti ni herufi yake, ndipo zikatokea â, € na ™. Nilirudi kwenye faili la awali alilonitumia, nikalifungua kwa Notepad++ (programu ya kuhariri matini), nikachagua kwenye menyu ya usimbaji lisomwe kama UTF-8. Yote yakanyooka.

Wenzangu, nyie yaliwakuta yapi?

Mfasiri wa usiku

Pole sana mkuu. Mimi nilikwama kwenye menyu hiyohiyo ya usimbaji. Sehemu ya juu inabadilisha namna baiti zinavyosomwa, faili lenyewe haliguswi. Ya chini inageuza, yaani inaandika baiti mpya. Mimi niligeuza wakati maandishi yameshaharibika kwenye skrini, nikahifadhi. Majina ya Kifaransa yenye é, ambayo yalikuwa Ã©, nilipoyafungua tena yakawa ÃƒÂ©. Uharibifu wa tabaka mbili.

Yalirudi, ila kwa kufuata njia ileile kinyumenyume: nilifungua faili kama UTF-8, nikaligeuza kuwa Windows-1252, kisha nikaamuru lisomwe tena kama UTF-8. Kila tabaka linavuliwa peke yake. Tangu siku hiyo nafanya majaribio kwenye nakala, kamwe si kwenye faili la mteja.

Karani

Langu halikupona. Orodha ya majina ilijaa alama hii: �. Programu huiweka pale inapokutana na baiti isiyoielewa. Ukihifadhi, alama hiyo inaandikwa badala ya herufi halisi, na herufi zote zilizoshindikana zinafanana. Hakuna usimbaji wa kuchagua tena. Ukiona "ï¿½", ni hiyohiyo imesomwa vibaya mara ya pili. Ilibidi nitafute fomu za karatasi na kuandika upya jina moja baada ya jingine, na niliumia kwa sababu jina la mtu si kitu cha kukisia. Ukiiona �, funga bila kuhifadhi, uanze na usimbaji mwingine.

Kwa wanaotumia majedwali: faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama matini tupu) msilibofye mara mbili. Tumieni njia ya kuingiza data, mchague 65001, ndiyo namba ya UTF-8 huko.

Mpanga kurasa

Hapa kuna tatizo linalofanana na hayo kwa sura, ila asili yake ni nyingine. Ukurasa wa PDF unasomeka vizuri kabisa, ukinakili na kubandika yanatoka makorokoro. PDF inachora maumbo ya herufi. Ramani inayosema umbo hili ni herufi gani inaweza kukosekana. Nilibadilisha usimbaji wa kila aina, sikupata kitu. Kilichosaidia ni kugeuza kurasa kuwa picha na kuzipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi. Baada ya hapo soma upya kila mstari, kwani "rn" hugeuka "m", na l hugeuka 1.

Angalieni pia "fi". Katika PDF nyingi huwa umbo moja lililoungana. Nilitafuta "fikiri" katika sura nzima nikaambiwa halimo, nami naliona kwa macho.

Mwanafunzi wa lugha

Mimi nilikuta viboksi vitupu, nikavifuta nikidhani ni takataka. Kumbe maandishi yalikuwa mazima, fonti ndiyo haikuwa na herufi hizo. Fonti za Noto, zenye herufi za lugha nyingi, zingetosha.

Msahihishaji

Asanteni sana. Mpanga kurasa, umenifungua macho: sura mbili za muswada huu mwandishi alizibandika kutoka kwenye PDF, na nilikuwa naendelea kuzihangaikia kwa usimbaji.

Nimegundua jingine. Baada ya kurekebisha, nilitafuta ng'ombe nikapata nusu tu. Nusu nyingine ina ritifaa iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Nimezigeuza zote kuwa ya aina moja, sasa hesabu inalingana. Kesho naanza kugeuza hizo sura mbili kuwa picha.