Mashine ni yangu, kwa nini neno la mwisho si langu?

Mleta mada

Wakuu, mijadala ya mifumo ya kompyuta, yaani Windows, Mac na Linux, huwa inaishia pale pale. Mmoja atasema Linux ni ya watu wenye muda wa kupoteza, mwingine aseme Mac ni ya kujionyesha, wa tatu alete habari za virusi, tutukanane kidogo halafu tukalale. Leo naomba tubishane juu ya jambo moja tu: ukishanunua kompyuta kwa hela yako, nani ana neno la mwisho juu yake?

Kilichonifanya niulize ni tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Ukitaka kuhamia Windows 11 kihalali, mashine iwe na TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa iwemo kwenye orodha yao, na kwa Intel orodha hiyo, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha 8. Sasa fikiria kompyuta ya kizazi cha 6: SSD ipo, RAM ni GB 16, kioo hakina mkwaruzo, inafungua kila unachotaka. Haijafa. Imetangazwa tu kwamba imekufa. Ni kweli watu binafsi wameongezewa mwaka mmoja wa viraka vya usalama, hadi Oktoba 2026, lakini kujiandikisha kunataka uwe na akaunti yao.

Msimamo wangu: anayejali mali yake aanze na Linux, mfumo wa bure usio chini ya kampuni moja. Kazi ikikataa kabisa, hapo ndipo atafute mfumo mwingine kwa ajili ya kazi hiyo tu. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji 1 (mhasibu)

Naomba kutofautiana nawe, mkuu. Udhibiti hauniletei mshahara.

Kuna faili la Excel ninalopokea kwa mteja kila mwezi. Lina makro za VBA (programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya Excel), na juu ya ukurasa wa kwanza kuna vitufe vitatu vya kijani: cha kuvuta miamala, cha kulinganisha na taarifa ya benki, cha kutoa ripoti. Nililifungua kwa LibreOffice, programu ya bure ya ofisi inayotumika kwenye Linux. Namba zote zipo, rangi zipo, vitufe vipo. Nabonyeza cha kwanza, kimya. Cha pili, kikanijibu kwa kosa lenye mistari sita. Siilaumu LibreOffice, makro zile ziliandikwa zizungumze na Excel yenyewe. Ila mteja hayo hataki kuyasikia, anataka ripoti saa nne asubuhi.

Kwa hiyo wewe unasema mfumo wangu nimechaguliwa na Microsoft. Hapana. Nimechaguliwa na yule anayenitumia faili. Anayechora kwa AutoCAD au anayehariri picha kwa Photoshop atakwambia hivyo hivyo, hizo hazina toleo la Linux.

Na kama unadhani ni uvivu wa mtu mmoja mmoja, jiji la Munich kule Ujerumani lilihangaika na mradi wake wa Linux, LiMux, kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2017 baraza lao likapiga kura kurudi Windows.

Mchangiaji 2

Umesimulia nusu, mhasibu. Hapo hapo Ujerumani, mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza kwamba kompyuta zake zipatazo 30,000 zinaachana na Office na kuhamia LibreOffice, halafu Windows nayo ifuate. Kwa hiyo mechi haijaisha.

Mchangiaji 3 (mcheza gemu)

Nyie bishaneni na maofisi, mimi niwape ya huku kwetu, maana watu wengi bado wanaongea mambo ya mwaka 2012.

Kucheza gemu kwenye Linux kulibadilika mwaka 2018 Valve, wenye duka la gemu la Steam, ilipotoa Proton, programu ya kuendeshea gemu za Windows kwenye Linux, iliyojengwa juu ya Wine, ya zamani ya kazi hiyo hiyo. Gemu iliyoandikwa kwa Windows inaomba kuchora kwa lugha ya Direct3D. DXVK, sehemu ya Proton, inaidaka amri hiyo njiani, inaigeuza kuwa Vulkan, lugha ya kuchora ambayo Linux inaielewa, inaipeleka kwenye kadi ya michoro. Kadi haina habari kwamba kuna mtu katikati. Steam Deck, mashine ya gemu ya kushika mkononi ya Valve iliyotoka 2022, inaendeshwa hivyo hivyo, na ndani yake ni Linux. Kwa gemu za kucheza peke yako, mimi nimeacha hata kuangalia kama zinakubali. Nabonyeza, nasubiri kidogo mara ya kwanza, nacheza.

Tatizo ni gemu za mtandaoni zenye ushindani. Valorant inataka Vanguard, programu ya kuzuia wadanganyifu inayoingia mpaka kwenye kerneli, kiini cha mfumo, na kuamka pamoja na mashine. Linux haimo. Apex Legends ilikuwa inachezeka vizuri tu kwenye Linux, mwishoni mwa Oktoba 2024 wenyewe wakafunga mlango wakisema wadanganyifu wanapitia huko. Sasa sikilizeni: Easy Anti-Cheat na BattlEye, nazo za kuzuia wadanganyifu, zinaweza kufanya kazi na Proton tangu 2021, ila mpaka mwenye gemu aruhusu. Asiporuhusu, ujuzi wako wote wa kuandika amri kwenye terminali ni wa kujifurahisha.

Mleta mada ulipaswa kuligusa hili. Mwenye Windows anayecheza Valorant amempa mtengeneza gemu ufunguo wa chumba cha ndani kabisa. Tarehe 19 Julai 2024 tuliona sasisho bovu la CrowdStrike, nalo likikaa huko huko kwenye kerneli, likizimisha mashine takriban milioni 8.5 duniani, ndege zikalala chini. Ile ilikuwa programu ya ulinzi. Hii Vanguard tunaiweka kwa ajili ya kupigana risasi za uongo.

Nami ninayo, nikiri tu. Diski mbili, mifumo miwili. Marafiki zangu wako kule.

Mchangiaji 4 (wa Mac)

Mnapitisha mjadala kama vile sisi hatupo. Mimi sitaki neno la mwisho, nataka betri na ukimya. Tangu M1, chipu ya Apple yenyewe ya mwaka 2020, nafungua kifuniko, nafanya kazi, nafunga. Feni sijui hata inasikikaje.

Lakini tuwe wakweli, mleta mada amewaonea Microsoft peke yao. Apple mwaka 2019 iliondoa kabisa programu za biti 32 (za muundo wa zamani), na gemu nyingi za zamani zikakata kauli siku hiyo. macOS 26, toleo la mfumo wa Mac, ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. RAM kwenye hizi mpya huongezi. Tunaambiwa haya yote mapema kwa sauti ya upole, na tunashukuru. Gemu? Tusiongee gemu.

Mchangiaji 5 (fundi)

Natengeneza mashine za watu, kwa hiyo sina timu.

Kwanza, Linux si malaika. Mwaka 2012 Ubuntu 12.10, moja ya ladha za Linux, ilikuwa ukitafuta faili lako mwenyewe kwenye menyu, maneno yako yanakwenda pia kuletewa bidhaa za Amazon. Kelele zilikuwa kubwa, mwaka 2016 wenye Ubuntu wakakizima kipengele hicho mpaka mtu akiwashe mwenyewe. Tofauti ninayoiona ni kwamba kile kitu uliweza kukifuta kwa amri moja, na ukichukia kabisa unahamia ladha nyingine ya Linux na mafaili yako yote.

Pili, siku moja nilisasisha mashine ya mteja, kerneli mpya ikaingia, Wi-Fi ikapotea. Haionekani hata kwenye orodha. Nikawasha upya, nikashikilia Shift mpaka menyu ya GRUB, ya kuchagua cha kuwasha, ikatokea, nikashuka kwenye chaguo za ziada, nikachagua kerneli ya nyuma. Wi-Fi ikarudi, dakika mbili hazikuisha. Mwenye mashine alikuwa kando yangu, akaniuliza: "Na ungekuwa safarini mimi ningefanyaje?" Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Mleta mada

Fundi, swali la mteja wako limenikaa. Nakubali: nilizungumza kana kwamba kumpa mtu ufunguo na kumfundisha kufungua mlango ni kitu kimoja.

Mhasibu, kwako nakubali nusu. Kweli, aliyekutumia faili ndiye aliyekuchagulia. Lakini yeye alichaguliwa na nani? Kuna muundo wa hati ulio wazi, ODF, kiwango cha ISO tangu 2006, ambao programu yoyote inaweza kuusoma na kuuandika. Ofisi ya umma ikikubali hati za muundo mmoja tu wa kampuni moja, imenichagulia mfumo mimi raia bila kuniuliza. Hapo ndipo ningependa tukaze, kuliko kumshambulia mtu mwenye ripoti ya saa nne.

Kwa mcheza gemu sina la kujibu. Diski mbili ni jibu la mtu aliyechoka kubishana.

Ila kwenye kompyuta ya kizazi cha 6 sisogei. Kampuni ina haki ya kuacha kuihudumia. Kuifanya ionekane takataka ni jambo jingine.

Mchangiaji 1 (mhasibu)

Hiyo ya kizazi cha 6 hata mimi ninayo nyumbani, imekaa tu kabatini. Nikiiwasha kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kugusa diski, nitajua kama printa na Wi-Fi vinaonekana?

Mleta mada

Utajua humo humo. Ukiwasha kwa flashi inafanya kazi kwenye RAM, ukiitoa na kuzima, mashine inarudi ilivyokuwa. Jaribu printa, sauti, kamera, na uifunge kifuniko uone kama ikilala inaamka.

Mchangiaji 5 (fundi)

Na ukifika kwenye kitufe cha kusakinisha, usibonyeze kabla hujachukua bekapu. Hao ndio wateja wangu wa Jumatatu.