Mjadala: Nyaya za umeme mbele ya vilima vya mawe Dodoma, zifukiwe?

Kibaigwa_Juu: Hoja yangu ni laini za kilovoti 33 zinazopita mbele ya vilima kama Mlimwa. Nguzo na vikombe vyake vya kushikia nyaya vinaikata sura ya mlima. Tunajenga makao makuu, tufukie sasa kabla ya lami kumwagwa.

Fundi_Kebo: Kufukia si kuchimba na kutupa waya. Mtaro ushuke mita moja au zaidi. Tandika mchanga uliochekechwa sentimita 10, laza kebo, mchanga tena, vigae vya kinga, udongo, kisha utepe wa onyo. Drumu moja ya kebo ni kama mita 500, hivyo kilomita 2 zina jointi (maungio ya kebo) 3 kwa kila fezi, na fezi ni tatu, jumla 9. Hapo ndipo kebo hufia: vumbi au jasho la mkono likiingia fundi akiwa anamenya kebo, cheche ndogondogo hula plastiki mpaka itoboke. Tena Mlimwa uchimbe nini? Mawe matupu.

Mwana_Chamwino: Mawe matupu? Ndugu yangu, hayo mawe ndiyo Dodoma! Mawe kama hayo ndiyo yenye michoro ya kale ya Kolo, UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia 2006. Futa kauli.

Mama_Zabibu: Kolo iko Kondoa, kaka, si hapa mjini.

Mwana_Chamwino: Na Kondoa iko mkoa gani, dada?

Fundi_Kebo: Sijaudharau mlima. Nasema mtaro kwenye mwamba ni baruti, na kovu la baruti halioti nyasi. Nguzo unaweza kuing'oa.

Zuzu33: Mnagombea Kolo, joto hamjaligusa. Kebo hupoa kwa unyevu wa udongo. Huku Mei hadi Novemba ardhi imekauka, joto halitoki, kwa hiyo ama upunguze mzigo ama ununue kebo nene zaidi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ni balaa: kiangazi unapasuka, mvua za Desemba unavimba na kuvuta jointi. Hitilafu ya juu unaiona kwa macho, kikombe kimepasuka. Ya chini inataka mashine ya kupiga mshindo wa umeme kwenye kebo na mtu wa kusikiliza ardhini, halafu unakata na kuongeza jointi mbili mpya.

Kibaigwa_Juu: Basi tufukie mita 300 tu zinazokatiza mbele ya mlima, chini kabisa kwenye udongo, pasipo mwamba. Drumu moja inatosha, hakuna jointi ya katikati. Nguzo za ncha zote mbili zifungwe vizuia radi, maana waya wa juu unapoingia kwenye kebo ndipo radi inapovunja.

Mama_Zabibu: Na mtaro ukwepe mizizi ya mibuyu. Ukiikata upande mmoja, mti unaweza kuanguka kwa upepo, na mandhari tunayoilinda tumeibomoa wenyewe.

Zuzu33: Mibuyu mnaikumbuka leo? Chini ya nyaya matawi yanakatwa kila mwaka.

Mwana_Chamwino: "Mawe matupu" bado haijafutwa.