Difraksheni ya eksirei kwenye tishu: mbona vilele vilevile kila mahali?

kijana_wa_maabara: Wakuu nimekwama. Projekti yangu ni kuchora ramani ya tishu za titi kwa difraksheni ya eksirei, yaani kila nukta ya sampuli inatoa grafu yake ya miali iliyotawanyika halafu natenganisha mafuta na uvimbe bila kupaka rangi wala nini. Watu wa patholojia (wanaopima nyama za wagonjwa) wamenipa bloku zao za zamani za tishu, tyubu yangu ya eksirei ni ya shaba. Sasa kila nukta, iwe uvimbe isiwe uvimbe, naona vilele viwili vyembamba virefu, kimoja digrii 21.5 hivi na kingine karibu 24, hata kwenye kona ya bloku pasipo na nyama kabisa!! Mashine nimeikagua mara tatu.

mzee_wa_slaidi: Umejijibu mwenyewe mdogo wangu, kona isiyo na nyama ina nini kama sio nta waliyogandishia nyama? Parafini ni kristali. Piga hesabu ya Bragg, ile ya kugeuza pembe kuwa umbali kati ya tabaka za atomi: urefu wa wimbi wa shaba ni nanomita 0.154, hizo digrii zinakupa nanomita 0.41 na 0.37, ndo nta hiyo. Mashine yako nzima.

kijana_wa_maabara: Duh. Basi nikiitoa nta kwa zailini, kile kiyeyushi, si nabaki na tishu safi?

mzee_wa_slaidi: Unabaki na ganda. Kabla nta haijaingia, alkoholi ilishatoa maji na zailini ikala mafuta, ndo maana kwenye slaidi seli za mafuta zinaonekana matundu meupe. Na wewe unatafuta hivyohivyo viwili: mafuta yana mnundu mpana karibu nanomita 0.45, maji karibu 0.32, uvimbe kwa kawaida unaegemea kwa maji. Kolajeni, zile nyuzi za protini, ndo inabaki, ila mpangilio wake unaojirudia kila nanomita 67 uko kwenye pembe ndogo mno, seti yako haifiki huko.

nuru_kali: Omba vipande vibichi, au vilivyo kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi) ila havijapitishwa kwenye alkoholi, zailini na nta. Vifunge kwa plastiki nyembamba visikauke, na hiyo plastiki ipige peke yake uje kuitoa kwenye grafu. Halafu shaba ni dhaifu, milimita moja tu ya maji inakula zaidi ya nusu ya miali. Kipande kinene kinataka tyubu ya tangsteni, ila ukifika nishati ya kiloelektronivolti 60 mnundu wa mafuta unatoka karibu digrii 20 unakuja chini ya 3, kwa hiyo mwale wako uwe mwembamba kweli.

mkata_tishu: Mimi ndo nakata hizo nyama na kusema ukweli slaidi zangu siziachi, difraksheni haikuonyeshi umbo la kiini cha seli. Ila nikiwa na bonge la titi mezani, nachagua pa kukata kwa macho na kidole tu, hapo mtu akiniletea ramani ya kunionyesha mafuta yanaishia wapi nitamsikiliza.

kijana_wa_maabara: Asanteni wakuu. Kumbe wiki tatu zote nilikuwa napiga picha za mshumaa.