Tunaotunza tovuti za benki na kampuni za mikopo Nyanda za Juu Kusini, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za majukumu. Nipo Mbeya, mwaka wa 6 sasa ni mtu wa tovuti kwenye kampuni ya mikopo, jina nalihifadhi. Kazi yangu ni kujenga na kutunza mfumo ambao watu wa masoko, mikopo na sheria wanautumia kuweka maelezo, fomu na viwango vya riba bila kuniita kila saa. Naanza na langu.

Mwaka wangu wa pili niliambiwa niweke kikokotoo cha mkopo. Nikaandika hesabu ya riba inayopigwa kwenye salio linalobaki, maana ndiyo niliyoijua. Kumbe mkataba wetu unapiga riba kwenye mkopo wote, mwanzo hadi mwisho. Chukua milioni 1, miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Hesabu yangu ilileta rejesho la kama 94,560 kwa mwezi. Mkataba ulileta 103,333. Kwa mwaka, tofauti inapita laki moja.

Mama mmoja anayeuza mchele Mwanjelwa alikuja ofisini na simu mkononi, ukurasa umefunguliwa, akaniuliza, "Mwanangu, hii laki nyingine imetoka wapi?" Nilikosa la kumjibu. Ofisa akamwambia ya kwenye tovuti ni makadirio tu, na mama akasaini kwa sababu mzigo ulikuwa unamsubiri. Iliniuma na bado inaniuma. Tangu siku ile sigusi hesabu yoyote kabla sijausoma mkataba mwenyewe na kukaa na ofisa mikopo tupige mifano mitatu kwa kalamu.

Mwenye kisa amwage.

Mdau wa Tunduma:
Mkuu, nakazia. Sisi ilikuwa ukurasa wa viwango vya kubadilisha fedha, kwacha na dola. Asubuhi mhasibu anaingiza viwango vipya, yeye anaviona, lakini mteja huku nje anaona vya jana. Seva ilikuwa inatunza nakala ya kila ukurasa kwa siku nzima ili tovuti ifunguke haraka, na kwa habari za kawaida hilo halina shida. Kwa viwango vya fedha ni balaa. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka walikuwa wanapiga picha ya skrini, wanafika dirishani wanadai kiwango walichokiona, na anayetukanwa ni binti wa kaunta. Tulirekebisha hivi: kiwango kikibadilika, nakala ya ukurasa huo inafutwa papo hapo, na juu ya jedwali inasomeka tarehe na saa ya kiwango, inayotoka kwenye mfumo wenyewe, haiandikwi na mtu.

Mdau wa Kihesa, Iringa:
Kamwene wakuu. Waliokuwa na tovuti za Drupal (programu ya kujengea tovuti) mwaka 2014 wataikumbuka Oktoba 15. Marekebisho ya tundu la usalama yalitoka jioni ya kwetu. Mimi nikayaweka kesho yake asubuhi nilipofika kazini, nikajiona nimewahi. Wiki mbili baadaye Drupal wenyewe wakatangaza kwamba tovuti ambayo haikurekebishwa ndani ya masaa 7 ihesabiwe kuwa imeshaingiliwa. Tulirudi kwenye nakala rudufu za kabla ya siku ile na kuijenga upya, siku tatu bila kulala vizuri. Bosi aliuliza swali moja tu: hela za wateja zipo? Zilikuwepo, kwa sababu tovuti ilikaa seva yake peke yake, haina njia ya kuingia kwenye mfumo wa akaunti. Aliyeitenganisha ni kaka aliyenitangulia pale, nami nilikuwa namlalamikia kwamba anatuongezea kazi. Nilimpigia simu kumshukuru.

Mdau wa Makambako:
Mimi ni mwanamke pekee kitengoni, kwa hiyo nikipinga jambo naambiwa nina wasiwasi mwingi. Fomu yetu ya maombi ya mkopo ilikuwa inachukua namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), namba ya simu na kipato, halafu inatuma vyote kwa barua pepe moja ya tawi, ambayo nywila yake wanaijua watu wote hadi waliokwishaacha kazi. Niliposema haifai nilizungushwa miezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, niliichapa, nikampelekea mwanasheria wetu mezani. Wiki ileile nikaruhusiwa. Sasa maombi yanakaa kwenye hifadhidata, anayafungua ofisa aliyepangiwa tu, na barua pepe inasema "kuna ombi jipya", basi.

Mleta mada:
Dada wa Makambako, ndaga fijo, asante sana. Nimetoka kuangalia ya kwetu sasa hivi. Fomu bado inatuma namba za NIDA kwenye barua pepe ya tawi. Kesho asubuhi naanza nayo.