Mzee Mtaliano ninayepanga kwake anataka nimsaidie kuzika mti. Wenyeji wa Toronto hebu nieleweshane nanyi

Kijana wa Keko

Wakuu heshima kwenu. Niko Toronto mwaka wa pili huu, napanga besimenti kwa mzee mmoja wa Kitaliano huku St. Clair Magharibi. Umri umeenda sana lakini akikushika bega unajua kabisa huyu mkono ulishika koleo miaka na miaka. Sasa jana nimetoka shifti ya usiku, macho mekundu, nataka kulala, mzee anagonga mlango anasema Jumamosi nisitoke nimsaidie kuzika mti. Nikajua Kiingereza chake na changu vimegongana njiani. Akanivuta mpaka uani, akanionyesha mti umefungwa kamba kuanzia chini mpaka juu kama mzigo wa kuni, na pembeni yake amechora chini kwa jembe mstari wa shimo refu, wallahi kama kaburi la mtu mzima.

Nimeshindwa hata kuuliza. Na si hilo tu, nyumba yao ina majiko mawili, la juu linang'aa kama la dukani hakuna hata alama ya mafuta, wanapikia huku chini karibu na chumba changu. Mwezi wa tisa gereji ilijaa ukoo mzima na makreti ya nyanya, wanasaga na kuchemsha kutwa nzima, nikapewa chupa 6 za sosi nisizoziomba. Na saitini ninakobeba boksi langu (siku hizi boksi ni mifuko ya saruji, tuseme ukweli) kila bosi wa maana jina lake linaishia na o au i.

Kwa hiyo swali langu, hawa Wataliano walifikaje huku na waliufanyia nini huu mji mpaka kila unapogusa unakuta mkono wao? Na huo mti je? Nawasilisha.

---

Bi Mkubwa wa Etobicoke

Mwanangu karibu jamvini na usiogope, hakuna maiti hapo 😂 Huo ni mtini, mti wa tini ile ile inayotajwa kwenye Msahafu. Kwao kusini kule Calabria na Sicilia unaota hata kwenye ufa wa ukuta ila baridi ya hapa inauua. Kwa hiyo wao kila mwezi wa 11 wanakata mizizi ya upande mmoja, wanaufunga matawi, wanaulaza taratibu mpaka uingie shimoni, juu wanaweka mbao na mazulia chakavu halafu udongo. Mwezi wa nne au wa tano wanaufukua, wanausimamisha, na kiangazi unakula tini. Mimi nimeishi nao ukuta kwa ukuta tangu nimekuja, mwaka wa kwanza nilidhani jirani anaficha kitu nikafunga pazia.

Haya, walifikaje. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha Italia ilikuwa hoi, kusini hasa, hakuna kazi, ardhi yenyewe vipande vipande. Kanada ikafungua mlango mwaka 1947, kabla ya hapo Wataliano walikuwa wamefungiwa kama raia wa nchi adui. Wengi walishuka melini Halifax pale Pier 21 wakapanda treni siku mbili hivi mpaka Toronto. Aliyefika anamdhamini nduguye, nduguye anamleta shemeji, shemeji anamleta mke na mama mkwe, mwisho kijiji kizima kinajikuta mtaa mmoja. Mwaka 1951 mji huu ulikuwa na watu wenye asili ya Kitaliano kama 28,000 tu, miaka kumi baadaye wanakaribia 140,000. Hebu piga picha hiyo ingekuwa Temeke.

Na walianza kama unavyoanza wewe, besimenti. Mwenye nyumba Mtaliano anapangisha vyumba kwa wageni wa kijijini kwake, wanaume wanne chumba kimoja, mke wa nyumba anawapikia na kuwafulia wote. Wakipata kidogo wananunua nyumba yao, nao wanajaza wapangaji walipe deni la benki. Sasa hilo jiko la chini ndiyo mabaki ya akili ile ile, juu pa wageni, chini pa kuishi. Tena usilicheke maana kwetu pia kuna sebule yenye makochi yamefunikwa nailoni watoto hawaruhusiwi kukaa.

Watu wakisema Wataliano walijenga Toronto wanawaona wanaume tu na koleo, mimi hapo ndipo ninapogomba. Majira ya baridi saiti zilikuwa zinafungwa, mume yuko nyumbani miezi analipwa posho ya wasio na kazi. Nyumba ilikuwa inalishwa na nani? Mwanamke, aliyekuwa akishona viwandani Spadina, akifua nguo za hoteli, akisafisha ofisi usiku, na akirudi kuna wapangaji wanne wanasubiri chakula.

---

Fundi Zege

Dada umemaliza upande wako ngoja mimi niongelee zege maana ndiyo kazi yangu, mwaka wa 11 huu nikiwa na chama cha wafanyakazi wa ujenzi hapa.

Dogo, sabwei (treni ya chini ya ardhi) ya kwanza ya hapa, ile ya Yonge, ilifunguliwa 1954, ya University 1963, ya Bloor-Danforth 1966, na katikati ya hapo vitongoji vinaota kaskazini kama uyoga, nyumba, mabomba ya maji, mifereji ya maji taka. Kushika koleo, kupanga matofali, kumwaga zege, kupiga lipu, vibarua na mafundi wengi kwenye nyumba mpya walikuwa Wataliano. Waliotoka Friuli kule kaskazini walikuja na ufundi wao wa terazo na mawe, wa kusini wengi walikuwa wakulima, ufundi waliujulia saiti juu ya jukwaa la ujenzi.

Lakini usidhani walipokelewa kwa maua. Kuna kitu kinaitwa Hogg's Hollow, kumbuka hilo jina. Tarehe 17 Machi 1960, jioni, Wataliano walikuwa chini ya ardhi karibu na Yonge na York Mills, wanachimba handaki la bomba la maji kupita chini ya mto Don. Kina kama mita 10, handaki lenyewe kipenyo hata mita 2 halifiki, yaani unatembea umekunja mgongo, na ndani hewa imesukumwa kwa presha ili maji yasiingie. Moto ukashika kwenye waya, moshi ukajaa. Hakuna tochi, hakuna kizimamoto, hakuna mtu aliyewahi kuwafundisha watoke vipi. Watano walikufa, Pasquale Allegrezza, Giovanni Carriglio, Giovanni Fusillo, na ndugu wawili wa tumbo moja, Alessandro na Guido Mantella. Gazeti la Telegram lilikuwa na mwandishi anaitwa Frank Drea, akalishikilia suala hili kama mbwa na mfupa, siku baada ya siku, mpaka watu wa mjini ambao walikuwa hawawaangalii hao vibarua usoni wakaanza kuuliza kulikoni.

Kiangazi hicho hicho mafundi wa nyumba wakagoma, 1961 wakagoma tena. Viongozi wao walikuwa Charles Irvine, Mskoti, na Bruno Zanini, huyu alikuwa fundi matofali na pia alikuwa anaimba opera, haki ya Mungu sitanii. Mkutano ni Kitaliano, matusi Kitaliano, na polisi wako nje. Serikali ya Ontario ikaunda tume ya uchunguzi, sheria zilizokuwa zimelala tangu enzi za babu zikaandikwa upya. Ile haki ya kukataa kazi ya hatari bila kufukuzwa ilikuja baadaye sana, sheria iliyoanza 1979, na pale wachimba madini wa Elliot Lake nao walichangia pakubwa, sio Wataliano peke yao. Ila mlango ulifunguliwa na wale watano.

Kwa nini nasema haya kwa uchungu, mwaka wangu wa pili hapa nilikuwa na kontrakta mmoja, jina nahifadhi, akaniambia nishuke kwenye shimo halina ubao wa kuzuia kingo na mvua imenyesha usiku kucha. Nilikuwa sijui kitu, nikaanza kushuka. Foromani wetu, mzee wa Abruzzo, akanishika kola ya jaketi akanirudisha juu kama mtoto, akamwambia yule bwana shuka wewe kwanza. Basi, hakuna aliyeshuka siku hiyo. Jioni upande mmoja wa lile shimo ulikuwa umeshalala.

Ukipita stesheni ya York Mills kuna kitambaa kikubwa kimeshonwa kwa ajili ya wale watano, kiliwekwa 2010 kutimiza miaka 50. Watu wanapita na simu mkononi, simama dakika moja.

---

Sina Pambio

Mada nzuri ila mnawapamba mno. Hawa watu ngozi iliwasaidia. Ndani ya kizazi kimoja wana nyumba, wana kampuni, wameshahamia Woodbridge kwenye majumba ya nguzo, sisi tuna digrii mbili mbili na bado tunapanga kwao. Benki iliyomkopesha kibarua asiyejua kusoma Kiingereza mwaka 1958 leo inaniambia historia yangu ya mkopo ni fupi.

---

Fundi Zege

@Sina Pambio sikatai. Ila wakati ule kibarua wa Calabria hakuhesabika mweupe kivile. Wanaume wakisimama College Street wanapiga soga baada ya kanisa, kama tunavyosimama sisi kijiweni, polisi anakuja anawaambia tembea, msizuie njia. Umbea wa kijiweni ulikuwa kosa mzee. Na wengi hawakukopeshwa na benki, walichangiana wenyewe kwa wenyewe, mwenye matofali anajenga, mwenye lipu anapiga, wiki ijayo wanahamia kwako. Hilo la ngozi lipo, watoto wao walibadilisha jina kidogo wakapotea kwenye umati, wa kwangu hawezi. Yote mawili ni kweli kwa pamoja.

---

Njoro Scarborough

Fundi umesahau 1940. Italia ilipoingia vitani Juni 10, Wataliano kama 31,000 nchi nzima waliandikishwa kama maadui, kama 600 hivi wakafungwa kambini, wengi Petawawa, bila kesi. Serikali iliomba radhi rasmi 2021, wengi wao washakufa kitambo. Sasa hao waliokuja baada ya vita walikuta wenzao wamefunga mdomo, hawataki hata kuongea Kitaliano barabarani, wao ndio wakakirudisha kwa kelele. Gazeti la Corriere Canadese 1954, halafu redio ya CHIN 1966 ya Johnny Lombardi, huyu alizaliwa hapa hapa, alikuwa mpiga tarumbeta na mwenye duka la vyakula. Redio yenyewe hakuibana iwe ya Kitaliano tu, ilirusha lugha za wahamiaji wengine kibao, ndiyo maana mimi nawaheshimu.

Halafu 1982 Italia ilipoifunga Ujerumani Magharibi 3-1 fainali ya Kombe la Dunia, hiyo St. Clair unayokaa dogo ilifurika watu wanaokadiriwa laki 3, magari yamesimama, masufuria yanapigwa. Jirani yangu anasema ile ndiyo siku aliyoacha kujiona mgeni, miaka 24 baada ya kufika.

Nje ya mada, kwetu Kenya ukiteremka kutoka Limuru kwenda Naivasha kuna kanisa dogo sana pale Mai Mahiu, lilijengwa 1942 na wafungwa wa vita wa Kitaliano waliokuwa wanajenga ile barabara. Hawa watu ukiwaacha na mawe na simenti hawakai bure, hata wakiwa mateka.

---

Bi Mkubwa wa Etobicoke

Nimecheka lugha yao pia. Wazee wa hapa wanasema *giobba* yaani kazi, *bosso* unajua mwenyewe, *fenza* uzio, *morgheggio* mkopo wa nyumba. Wakienda likizo kwao hawaeleweki! Kama sisi tu na shifti na boksi na mogeji, nenda kaseme hayo Makunduchi uone utakavyotazamwa.

---

Kijana wa Keko

Wakuu nimerudi na mrejesho. Jumamosi tumezika. Ardhi juu ilikuwa imeshaanza kuganda, mzee anachimba mimi nahema, mwisho akanipokonya koleo akanionyesha, usitumie mkono, tumia goti na uzito wa mwili. Kukata mizizi hakuniruhusu kabisa, alipiga magoti mwenyewe akaipapasa kwa vidole ajue ipi aikate ipi aiache. Tukaulaza pole pole kama mgonjwa, tukafunika na zulia ambalo mama mwenye nyumba alikuwa analitafuta.

Wakati tunakunywa kahawa nikamtajia Hogg's Hollow, nililitamka vibaya lakini alielewa. Alikaa kimya kidogo. Akasema alikuja 1958 akiwa na miaka 17, yeye hakuwahi kushuka handakini, alikuwa wa zege la juu, ila binamu yake waliyekuwa wanalala chumba kimoja alikuwa kwenye mahandaki mengine, na baada ya siku ile hakushuka tena, akaenda kuoka mikate. Chumba chenyewe nikamuuliza kilikuwa wapi. Akaelekeza kidole chini, kwangu. Nyumba hii aliinunua kwa aliyekuwa mwenye nyumba wake.

@Fundi Zege naomba nije PM kuhusu hicho chama, nataka kujua wanachukua watu lini. Na mtu asiniulize tini, nimeambiwa ni mwezi wa nane.